Kadi ya Bima na Mlango wa Chumba cha Upasuaji

Ndugu msikilizaji, tangu Bunge letu lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, mazungumzo mengi ya mjini yamekuwa juu ya kadi. Itauzwa kwa bei gani, nani atalipiwa na Serikali, hospitali ipi itaipokea. Ni maswali ya haki. Lakini juma hili nataka tulisogeze swali hadi mahali ambapo kadi hujaribiwa kweli kweli, nako ni kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Mwenye homa anaweza kupita dukani akanunua vidonge, akabahatisha. Mwenye utumbo uliojisokota, au mama ambaye mtoto amekwama tumboni, hana duka la kwenda. Huyo anataka daktari, kisu, dawa ya usingizi na damu, na anavitaka usiku huo huo.

Mfano wangu nautoa Kilosa, mkoani Morogoro. Sikuichagua wilaya hiyo kwa kuwa ina shida kuliko nyingine. Nimeichagua kwa sababu historia yote ya matibabu ya nchi yetu imepita pale kama inavyopita Reli ya Kati. Wajerumani walijenga boma Kilosa. Reli iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912 ikapita hapo. Wakaja walowezi na mashamba ya katani ya Kimamba na Rudewa. Upande wa kusini ipo Mikumi, mji uliokaa kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, jirani na hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika wilaya hiyo watu 438,175.

Watu wote hao wamezoea kutazama pande chache wanapohitaji kupasuliwa. Iko Hospitali ya Wilaya pale Kilosa mjini. Iko Hospitali ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi, ambayo ni ya Kanisa Katoliki. Kaskazini, katika nchi ya Wakaguru, iko hospitali ya Berega ya Kanisa la Anglikana. Kesi ikiwa ngumu, safari ni ya Morogoro mjini, na ikizidi hapo, Muhimbili. Katikati ya hospitali hizo yapo mashamba, mito na milima, na vipo vijiji kama Ulaya, Zombo, Kisanga na Malolo. Hiyo Ulaya ninayoitaja ni ya Kilosa, njiani kwenda Mikumi. Ya Wazungu nitaifikia sasa hivi.

Maana bima ya afya ya lazima kwa sheria ya nchi ilianzia huko, Ujerumani, mwaka 1883, chini ya Chansela Bismarck. Mfanyakazi wa kiwandani alikatwa sehemu ya ujira, mwajiri akaongeza sehemu yake, na akiugua akatibiwa. Miaka miwili baadaye, 1885, Wajerumani hao hao walitangaza himaya yao huku kwetu. Reli waliileta, kodi ya kichwa waliileta, lakini ile sheria ya bima haikupanda meli kumfuata Mwafrika aliyebeba mataruma. Alichopata manamba wa katani, wakati wa Wajerumani na hata wa Waingereza, kilikuwa zahanati ya shamba, ili arudi kazini. Aliyekuwa na mwajiri alikuwa na mtu wa kumfunga kidonda. Mkulima wa mpunga aliyekuwa nje ya uzio wa shamba alikuwa na mganga wake wa jadi, au misheni kama ilikuwa karibu.

Ndugu msikilizaji, naomba ulishike neno hilo: matibabu yamefuata mshahara. Tutalikuta tena mbele.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, nchi yetu ilijaribu kulivunja neno hilo. Matibabu katika vituo vya Serikali yakawa bila malipo kwa mwananchi, na mwaka 1977 hospitali za watu binafsi za kutafuta faida zikapigwa marufuku. Zahanati na vituo vya afya vikajengwa vijijini. Tukafanya na jambo moja la busara sana ambalo halisifiwi inavyostahili. Tulipoona madaktari wa digrii hawatoshi, tangu miaka ya 1960 tuliwachukua matabibu wenye uzoefu tukawafunza kuwa madaktari wasaidizi, na kati ya mambo waliyofundishwa ni kupasua. Kilosa yenyewe ina chuo cha kufundisha matabibu. Utafiti uliofanywa katika mikoa ya Kigoma na Mwanza, ukachapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba madaktari wasaidizi ndio waliofanya zaidi ya nane katika kila operesheni kumi za uzazi. Hao ndio waliobeba kisu cha nchi hii.

Kisha ikaja dhiki. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta, kuanguka kwa bei ya mazao. Kufika miaka ya 1980 matibabu yalikuwa bure kwa maandishi, lakini mgonjwa aliambiwa aje na uzi wa kushonea, mipira ya mikono na dripu. Mwaka 1991 hospitali za binafsi zikaruhusiwa tena, na mwaka 1993 Serikali ikaanza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali zake, hatua kwa hatua. Wakaachwa nje ya malipo mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano, na wenye maradhi kama kifua kikuu na ukoma. Baadaye wazee nao wakaongezwa.

Wengi waliulaumu utaratibu ule, na walikuwa na sababu. Ila tuseme na upande wa pili. Chumba cha upasuaji hakiendeshwi kwa hotuba. Kila operesheni moja inakula dawa ya usingizi, oksijeni, uzi, pamba, dawa ya kuulia vijidudu, maji safi na umeme. Isipolipwa na mgonjwa, na isipolipwa na Hazina, basi haifanyiki, au inafanyika kwa hatari. Swali halikuwa kama lazima ilipwe. Swali lilikuwa ilipwe lini, na nani. Maana kumdai mtu fedha siku aliyolala kwenye machela ni kumdai siku ambayo hana nguvu ya kuzitafuta.

Hapo ndipo fikra ya bima ilipoingia: tuchange tukiwa wazima, atumie anayeumwa. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kujaribiwa katika wilaya ya Igunga, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2001. Mwaka huo huo wa 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliotungiwa sheria mwaka 1999, ulianza kazi kwa watumishi wa Serikali. Mtumishi alichangia asilimia 3 ya mshahara, mwajiri naye asilimia 3.

Sasa tazameni, ndugu zangu, yale mawili yalivyotofautiana, na neno letu la zamani likirudi kwa mlango wa nyuma. Mwalimu wa shule ya msingi pale Rudewa alipata kadi iliyomfikisha hospitali ya wilaya, ya mkoa na hata Muhimbili, na upasuaji mdogo na mkubwa ukiwemo. Jirani yake mkulima alipata kadi ya kaya. Ile ya mfuko wa jamii wa zamani ilikuwa ya wilaya moja, ikitumika hasa kwenye zahanati na kituo cha afya. Katika halmashauri nyingi haikufika hospitali, na ilipofika, mara nyingi iliishia kwenye vidonge na vipimo. Matibabu yalikuwa yamefuata mshahara tena. Mwalimu na mkulima walikaa kijiji kimoja, wakaugua ngiri moja, lakini kadi ya mmoja ilifungua mlango na ya mwenzake ikaishia barazani.

Mkoa wa Morogoro, pamoja na Dodoma na Shinyanga, ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyojaribu kulirekebisha jambo hilo kwa msaada wa Uswisi. Ndipo ukaja mfuko ulioboreshwa, uliosambazwa nchi nzima kuanzia mwaka 2018. Kaya ya watu hadi sita ilitozwa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi ikaruhusiwa kupanda kwa rufaa hadi hospitali ya mkoa. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini tufanye hesabu ya darasa la nne. Shilingi 30,000 kwa watu sita ni shilingi 5,000 kwa kila mtu kwa mwaka mzima. Hizo zimtibu malaria, zimpime damu, na akivunjika mguu zimlipie kisu? Serikali ilipopeleka Bungeni muswada wa bima kwa wote mwezi Septemba 2022, kiwango kilichozungumzwa kilikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita. Watu walishtuka, na muswada ukakwama, swali kubwa likiwa nani atawalipia wasio na uwezo. Tofauti hiyo ya 30,000 na 340,000 haikutoka hewani. Ndiyo umbali uliopo kati ya bima inayoishia kwenye zahanati na ile inayokufikisha kwenye meza ya operesheni na wodi za hospitali kubwa.

Je, bima ikipanuliwa, watu hupasuliwa zaidi? Wenzetu wamekwisha kujaribu, tuwaulize. Uingereza ilipoanzisha matibabu ya bure kwa wote tarehe 5 Julai 1948, waganga walistaajabu kuona wanaume wakitokea na ngiri walizozifunga kwa mikanda miaka mingi, na wanawake walioshuka kizazi ambao hawakuwahi kumwambia mtu. Maradhi yalikuwapo siku zote, yamejificha kwa kuogopa bili. Marekani, jimbo la Massachusetts lilipopanua bima mwaka 2006, wachunguzi waliona operesheni zinazoweza kupangiwa tarehe zikiongezeka, na zile za dharura zikipungua. Huo ndio ushahidi ninaouthamini kuliko wote. Unatuambia kwamba kadi haiongezi wingi wa visu tu. Inabadilisha saa ya kupasuliwa.

Chukua ngiri tena. Ikipasuliwa mapema ni kazi ndogo, na mtu hurudi kwake baada ya muda mfupi. Ikiachwa, utumbo unaweza kubanwa, damu isiufikie, uanze kuoza. Hapo inakuwa kufungua tumbo, kukata utumbo, kulazwa, na pengine kaburi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkulima wa Kisanga anayesubiri avune, auze, ndipo akatibiwe, anacheza na ukuta huo, na mwenye kumchezesha ni bei.

Rwanda inatupa somo la tatu, nalo ni la kuonya. Majirani zetu hao wameeneza bima ya jamii kuliko karibu nchi yoyote ya Afrika, na mgonjwa wa kijijini hulipa sehemu ndogo tu ya gharama. Hata hivyo, uchunguzi juu ya wanawake waliojifungua kwa upasuaji uligundua kwamba familia bado zilifilisika. Zilifilisishwa na nauli, na chakula cha mgonjwa na cha anayemuuguza. Kadi ilikuwa imelipa hospitali, lakini haikulipa safari.

Hapa kwetu, kuna jambo ambalo wapiga debe wa kadi hawapendi kulitaja. Hatua kubwa kabisa tuliyopiga katika upasuaji kwa miaka ya karibuni haikuletwa na bima. Ni upasuaji wa uzazi. Mama mjamzito hakutakiwa kulipa tangu awali, lakini uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta ni asilimia 6 tu ya watoto waliozaliwa kwa upasuaji, na vijijini chini ya hapo. Huduma ilikuwa bure, ila chumba kilikuwa mbali. Kuanzia mwaka 2017 Serikali ilianza kujenga na kukarabati mamia ya vituo vya afya, ikiviwekea vyumba vya upasuaji. Vifo vya akina mama, ambavyo uchunguzi ule ulivikadiria kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, vilikadiriwa kuwa 104 katika uchunguzi wa mwaka 2022. Sababu ni nyingi, na sitaki kuzipa ushindi wote nondo na saruji. Lakini mama aliyekuwa akibebwa kwa baiskeli hadi mjini, akifika mtoto amekwisha kufa, sasa wengi wao wana mahali pa karibu zaidi pa kukimbilia.

Kwa hiyo tunao watu wawili wa kuwalinganisha. Mama mjamzito aliondolewa bei, kisha akasogezewa chumba, na mambo yakabadilika. Mwenye ngiri, mwenye goita, mwenye mfupa uliovunjika, mwenye mtoto wa jicho, hakuondolewa bei, na kile chumba kilichojengwa kwa ajili ya uzazi hakina daima mtu wa kumhudumia. Ndiyo maana mwaka 2024, kambi za madaktari bingwa zilipopelekwa katika halmashauri zote 184, watu walijitokeza kwa wingi. Nawashukuru madaktari wale. Lakini kambi hufungwa na bingwa hupanda gari, na ngiri haisomi ratiba.

Huko duniani, tume ya wataalamu iliyotoa taarifa yake mwaka 2015 katika jarida la Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 hawana njia ya kupata upasuaji salama wanaoumudu. Tume hiyo ilichagua operesheni tatu za kuipima hospitali: kumtoa mtoto kwa upasuaji, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatokeza nje ya ngozi. Hospitali iwezayo hizo tatu inaweza mengi. Ikataka pia watu waweze kuifikia katika muda wa saa mbili. Saa mbili! Kule Kilosa wanayakumbuka mafuriko ya Januari 2010 yaliyowakosesha maelfu makazi na kuing'oa reli, na yale ya Januari 2014 yaliyokata barabara pale Dumila na Magole. Mto ukifurika hauulizi kadi.

Sasa wewe uliyeko Dar es Salaam, Mwanza au Arusha utasema, haya ni ya Kilosa, yananihusu nini? Yanakuhusu kwa njia mbili.

Kwanza, bima ya mwanakijiji kwa miaka yote hii imekuwa ni ndugu yake aliye mjini. Simu hupigwa usiku: baba mdogo amelazwa, wanataka kumpasua, kunahitajika laki kadhaa. Ukoo unachangishana, mshahara unakopwa, ada ya mtoto inasogezwa mbele. Hiyo nayo ni bima, ila haina kanuni wala akiba, na asiye na ndugu mjini hana kadi. Mzigo huo hauandikwi katika bajeti yoyote ya taifa, nao umebebwa na mabega yenu.

Pili, nani kati yenu hajapita Mikumi kwa basi? Barabara ile ina malori, ina miteremko, ina tembo wanaovuka. Basi likipinduka pale, kadi yako nzuri ya mjini itakuwa na thamani ile ile ya chumba cha upasuaji kilicho karibu na ajali, si zaidi. Hapo ofisa na mkulima watalala kwenye machela mbili zinazofanana.

Sheria ya mwaka 2023 imekubali kwamba wasio na uwezo walipiwe, na imetaja vyanzo kama sehemu ya kodi za vinywaji baridi, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Naiunga mkono. Ila tulikwisha kuonyeshwa mwezi Machi 2024 jinsi mambo yanavyoweza kukwama. Mfuko wa Taifa ulipoanza kutumia orodha mpya ya bei, hospitali nyingi za binafsi zilisitisha kuwapokea wanachama wake kwa siku kadhaa, zikisema bei hazilingani na gharama. Kadi zilikuwa mifukoni, milango imefungwa. Bei ya operesheni ikiwekwa chini mno, hospitali itaikwepa. Ikiwekwa juu mno, mfuko utafilisika. Na hospitali ya Serikali ikifanya operesheni na fedha za bima zikachelewa kurudi, mwezi ujao hakuna uzi.

Kwa hiyo nawaomba wananchi, na hasa madiwani, msiulize habari ya kadi peke yake. Ulizeni mambo matatu. La kwanza, kadi hii ya kaya inaishia wapi: zahanati, wilaya, mkoa, au inafika hadi kwenye taasisi ya mifupa pale Muhimbili? La pili, chumba cha upasuaji kilicho karibu nasi kina nani? Nani anapasua, nani anatoa dawa ya usingizi, damu iko wapi saa nane za usiku? Madaktari wasaidizi waliobeba kazi hii wanastaafu, nani anashika kisu chao? La tatu, nani analipa gari la wagonjwa kutoka Malolo au Zombo, na chakula cha anayemuuguza?

Historia ya Kilosa inatufundisha kwamba tumewahi kuwa na matibabu ya bure bila uzi, kadi bila chumba, na vyumba bila watu. Kila mara tulishangilia kipande kimoja tukakiita kizima. Bima kwa wote ikijengwa pamoja na chumba, mtu na njia, itavunja lile neno la tangu enzi za manamba, kwamba anayetibiwa ni mwenye mshahara. Ikijengwa peke yake, tutakuwa tumemchangisha mkulima wa Kilosa fedha zake za mpunga ili apewe picha yake kwenye kadi.

Ndugu msikilizaji, kwa juma hili naishia hapo.